Mwili wa Kilo 70: Historia ya Nusukaputi ya Mtiririko Mdogo na Nafasi ya Mgonjwa Mwenye Unene wa Kupindukia

Utangulizi

Katika vitabu vingi vinavyofundisha utoaji wa dawa ya usingizi, mgonjwa ana uzito wa kilo 70. Hana jina wala umri, na huonekana zaidi katika majedwali: kiasi cha oksijeni anachotumia kwa dakika, kiasi cha damu inayosukumwa na moyo wake, kiasi cha hewa inayobaki mapafuni baada ya kutoa pumzi. Insha hii inachunguza namna mwili huo wa kufikirika ulivyoongoza mbinu moja ya utabibu, yaani nusukaputi ya mtiririko mdogo, na yaliyojitokeza pale mbinu hiyo ilipolazimika kumhudumia mtu wa kilo 150 au 160.

Istilahi inahitaji maelezo mafupi. Katika hospitali zetu mgonjwa huambiwa kwamba atapewa dawa ya usingizi au atachomwa ganzi; neno nusukaputi limebaki zaidi vitabuni na vinywani mwa wazee. Nimelichagua kwa sababu lina uzito ambao neno usingizi halina. Aliyelala huamka akiguswa. Aliye katika nusukaputi haamki hata akipasuliwa.

Mashine ya nusukaputi hupeleka gesi mpya, yaani oksijeni, pengine pamoja na hewa ya kawaida au naitrasi oksaidi, na mvuke wa dawa, katika mirija iliyounganishwa na mapafu ya mgonjwa. Pumzi anayotoa inaweza kutupwa yote nje, au kupitishwa katika chombo chenye chokaa ya soda inayonasa hewaukaa, kisha kurudishwa kwake. Kadiri gesi mpya inavyopunguzwa, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya pumzi yake inavyorudi. Mtiririko wa lita 1 kwa dakika kwa desturi huitwa mdogo, na wa nusu lita huitwa mdogo kabisa. Unene wa kupindukia unachukuliwa hapa kuwa uwiano wa uzito na urefu wa kilo 40 au zaidi kwa kila mita ya mraba.

Historia ya mbinu hii husimuliwa zaidi kama historia ya gharama: ilizaliwa kwa ajili ya kubana matumizi, ikafifia dawa zilipokuwa rahisi, ikafufuka dawa zilipopanda bei na dunia ilipoanza kuhofia joto la angahewa. Mtafiti hapingi simulizi hii, ila anaiona pungufu. Inaeleza kwa nini hospitali zilitamani mtiririko mdogo. Haielezi kwa nini zilithubutu. Kuthubutu kulitokana na vipimo, na mgonjwa mwenye unene wa kupindukia ndiye anayelionyesha jambo hilo kwa uwazi zaidi, kwa kuwa kwake yeye makadirio ndiyo yaliyoshindwa kwanza.

Kutoka London hadi Wisconsin

Tarehe 16 Oktoba 1846, William Morton alionyesha matumizi ya etha katika hospitali ya Massachusetts General mjini Boston. Katika miaka michache iliyofuata John Snow, tabibu wa London ambaye wengi humkumbuka kwa bomba la maji la Broad Street na kipindupindu cha 1854, alifanya uchunguzi ambao ndio chimbuko la mada hii. Alibaini kwamba etha na klorofomu hutoka mwilini kwa pumzi bila kubadilika. Kwa hiyo, alijiuliza, iwapo dawa inatoka ikiwa nzima, kwa nini isivutwe tena? Alitumia potasi kali kunasa hewaukaa, akathibitisha kwamba pumzi iliyosafishwa kwa njia hiyo hurefusha nusukaputi. Maandishi yake ya mwaka 1848 hadi 1851 yana mantiki yote ya mtiririko mdogo. Hata hivyo, etha ilikuwa rahisi kuimwaga juu ya kitambaa, na wazo hilo likalala kwa zaidi ya miaka 60.

Mwaka 1915 Dennis Jackson wa St. Louis alichapisha maelezo ya mfumo uliofungwa alioujaribu kwa wanyama. Ralph Waters, aliyekuwa akifanya kazi Sioux City katika jimbo la Iowa, ndiye aliyeuleta kwa binadamu katika miaka ya 1920, kwa kopo la chokaa ya soda lililowekwa karibu kabisa na uso wa mgonjwa, pumzi ikipita humo ikienda na kurudi. Sababu alizozitoa mwaka 1924 zinastahili kusomwa kwa makini. Akiba ya gesi imo, lakini vimo pia joto na unyevu unaobaki ndani ya pumzi, na hewa safi zaidi kwa wale wanaofanya kazi chumbani. Mwaka 1927 alihamia Madison, Wisconsin, ambako alijenga idara ya chuo kikuu iliyowafundisha wengi. Brian Sword naye alichapisha mwaka 1930 mfumo wa duara, wenye mirija miwili na vali zinazoelekeza pumzi upande mmoja. Mashine za leo zimetokana na duara hilo.

Saiklopropeni ndiyo iliyoufanya mfumo uliofungwa kuwa wa lazima. Sifa zake za kuleta nusukaputi zilitambuliwa Toronto mwaka 1929, na kikundi cha Waters kikaiingiza katika matibabu mwanzoni mwa miaka ya 1930. Ilikuwa ghali na yenye kulipuka. Hakuna aliyependa kuimwaga chumbani. Kwa kizazi kizima, kufunga mzunguko kulikuwa sehemu ya ustadi wa mtaalamu wa usingizi, naye aliusoma mfuko wa kupumulia kwa mkono: ukisinyaa, ongeza oksijeni, ukijaa kupita kiasi, punguza. Mkono huo ulikuwa kipimo. Tutaurejea.

Halothani na kusahauliwa kwa mzunguko

Halothani iliundwa na Charles Suckling mwaka 1951, na Michael Johnstone akaanza kuitumia kwa wagonjwa mjini Manchester mwaka 1956. Hailipuki. Ina nguvu kubwa, kwa hiyo kosa dogo la kipimo linaweza kushusha shinikizo la damu kwa kasi, na ndiyo maana ilikwenda sambamba na vyombo vipya vya kuvukizia vilivyotoa asilimia iliyopangwa. Vyombo hivyo viliaminika pale gesi mpya ilipokuwa nyingi, kwani hapo ndipo kile kilichoandikwa kwenye kitufe kilipokaribiana na kile mgonjwa alichovuta. Mtiririko ukipunguzwa, pumzi inayorudi huchanganyika na gesi mpya, na asilimia ya kitufe huacha kuwa asilimia ya mgonjwa. Katika miaka ambayo hapakuwa na kipima mvuke chumbani, kutumia lita 6 kwa dakika au zaidi halikuwa suala la ubadhirifu. Kulikuwa ndiyo njia pekee ya kujua unachotoa.

Wachache waliendelea. Francis Foldes na wenzake walieleza mwaka 1952 utaratibu wa lita 1 kwa dakika wenye naitrasi oksaidi na oksijeni, na Robert Virtue wa Denver akashuka hadi nusu lita mwaka 1974. Harry Lowe alijaribu kuondoa ubashiri kwa hesabu. Alitumia kanuni inayosema kwamba kasi ya mwili kufyonza dawa hupungua kwa kipeuo cha pili cha muda, jambo ambalo Severinghaus alikuwa amelionyesha kwa naitrasi oksaidi mwaka 1954, na kitabu alichoandika pamoja na Ernst kilitoka mwaka 1981. Ni kazi ya akili nyingi. Lakini hesabu zake huanza na uzito wa mgonjwa uliopandishwa kwa nguvu ya robo tatu, na hapo ndipo mgonjwa wetu anapoingia.

Mgonjwa mpya

Upasuaji wa kutibu unene una historia fupi. Kremen na wenzake wa Minnesota waliripoti mwaka 1954 upasuaji wa kuunganisha sehemu za utumbo ili kufupisha njia ya chakula. Edward Mason na Chikashi Ito wa Chuo Kikuu cha Iowa walianza mwaka 1966 ule wa kupitisha chakula kando ya sehemu kubwa ya tumbo. Kwamba Iowa inajitokeza tena katika simulizi hii ni sadfa tu, na mtafiti haijengei hoja. Mwaka 1994 Wittgrove na Clark wa San Diego waliripoti kufanya upasuaji wa aina hiyo kupitia matundu madogo, na kuanzia hapo idadi ya wagonjwa iliongezeka sana.

Kabla ya hapo mtu mwenye unene wa kupindukia alifika mezani kwa dharura, na alihesabiwa kuwa mgonjwa wa kuogopwa. Sasa alifika kwa miadi, wanne au watano kwa siku moja katika vituo vikubwa. Mabadiliko hayo ya ratiba yana umuhimu wake kihistoria, kwa sababu mbinu hupatikana pale tatizo linapojirudia kila asubuhi.

Hofu ya mafuta

Hoja iliyosikika zaidi dhidi ya kumtumia mgonjwa huyu dawa za kuvuta ilihusu mafuta yake. Ilidhaniwa kwamba mafuta hunywa dawa kama sifongo, kisha huirudisha taratibu na kumchelewesha kuamka. Katika enzi ya halothani hofu hiyo haikuwa ya bure. Mililita moja ya mafuta hubeba halothani takriban mara 50 ya ile iliyomo katika mililita moja ya damu, na sehemu inayofikia moja ya tano ya halothani iliyoingia mwilini huvunjwavunjwa na ini. Tafiti za miaka ya 1970 na 1980 zilionyesha mabaki ya uvunjaji huo yakiwa mengi zaidi kwa watu wanene, kwa halothani na vilevile kwa methoksifluraini, ambayo madhara yake kwa figo yalikuwa yamekwisha kujulikana.

Hata hivyo, sifongo ni mfano mbaya. Sifongo hujaa papo hapo, na mafuta hupata damu kidogo sana. Nadharia ya Seymour Kety ya mwaka 1951, na baadaye kazi ya Edmond Eger wa San Francisco, inaturuhusu kukokotoa. Tuseme kila gramu 100 za mafuta hupata mililita 2 za damu kwa dakika. Ikiwa mafuta hubeba dawa mara 50 ya damu, gramu hizo 100 zina nafasi inayolingana na mililita 5,000 za damu. Kwa mililita 2 kwa dakika, muda bainishi wa kujaa ni dakika 2,500, yaani karibu saa 42. Kwa desfluraini, yenye uwiano wa takriban 27, ni kama saa 22 na nusu. Upasuaji wa saa mbili au tatu haufiki popote karibu na hapo. Mafuta ya mgonjwa yanapoanza tu kupokea dawa, mshono wa mwisho umekwisha kufungwa.

Inashangaza kwamba hesabu hii, inayoweza kufanywa kwa penseli, ilichukua muda mrefu kushinda picha ya sifongo. Mtafiti anaamini sababu ni kwamba picha hiyo iliafikiana na hukumu ambayo watu walikuwa nayo tayari juu ya mwili mnene: kwamba kila kinachoingia humo hakitoki. Dhana ya kijamii ilijificha ndani ya sentensi yenye sura ya kisayansi.

Ambapo hatari ilikuwa kweli

Wakati macho yakiwa kwenye mafuta, hatari ilikuwa kwenye oksijeni. Samuel Brody alitoa mwaka 1945 kanuni inayokadiria matumizi ya oksijeni kwa dakika kuwa mililita 10 zikizidishwa kwa uzito uliopandishwa kwa nguvu ya robo tatu. Kwa kilo 70 jibu ni karibu mililita 242. Kwa kilo 160 ni karibu 450.

Tuchukue sasa utaratibu wa lita 1 kwa dakika, asilimia 40 ikiwa oksijeni na iliyobaki naitrasi oksaidi. Mililita 400 za oksijeni zinaingia. Mtu wa kilo 70 anazo za kutosha na ziada. Mtu wa kilo 160, tukiifuata kanuni, anatumia kuliko anachopewa, na asilimia ya oksijeni katika mzunguko itaendelea kushuka ilhali vitufe vyote vinaonyesha hali ya kawaida. Kwa mtiririko wa nusu lita upungufu huja mapema zaidi.

Ni kweli kwamba kanuni ya Brody hukadiria juu mno hapa. Nusukaputi yenyewe hupunguza matumizi ya oksijeni, na mafuta hutumia kidogo kuliko misuli. Lakini ukweli huo unaikoleza hoja badala ya kuidhoofisha: kwa mwili wa kilo 160, makadirio mawili ya haki yanaweza kutofautiana kwa mililita 100 au zaidi kwa dakika, na katika mtiririko wa nusu lita tofauti hiyo ndiyo mpaka baina ya usalama na maafa. Kwa mgonjwa wa kilo 70 mtaalamu angeweza kukosea bila kuonekana.

Akiba ya mapafu inazidisha uzito wa jambo. Kwa aliyelala chali, tumbo zito hukisukuma kiwambo juu, na hewa inayobaki mapafuni baada ya kutoa pumzi hupungua sana. Jense na wenzake walionyesha mwaka 1991 kwamba, baada ya kuvuta oksijeni tupu na kisha kusimamisha pumzi, wagonjwa wa uzito wa kawaida walichukua takriban dakika 6 kabla ya kiwango cha oksijeni katika damu kushuka hadi asilimia 90, ilhali wenye unene wa kupindukia hawakufika dakika 3. Kosa ambalo kwa mwingine lina muda wa kurekebishwa, kwake halina.

Yapo mambo mengine mawili, madogo kwa maandishi lakini si madogo chumbani. La kwanza ni nitrojeni, inayoyeyuka katika mafuta karibu mara tano ya inavyoyeyuka katika maji. Mwili mnene una hazina yake, na mzunguko ukifungwa mapema nitrojeni hiyo hurudi na kuichujusha oksijeni. La pili ni hewaukaa. Katika mtiririko mkubwa sehemu kubwa hutupwa nje. Katika mtiririko mdogo karibu yote hupita kwenye chokaa. Mwili mkubwa huzalisha nyingi, na katika upasuaji wa matundu madogo tumbo hujazwa hewaukaa ambayo sehemu yake huingia katika damu. Chokaa huisha mapema kuliko ratiba ya kuibadilisha iliyozoeleka.

Kipimo badala ya mkono

Kilichobadilisha hali hii ni kuwasili kwa vyombo. Takuo Aoyagi wa Japani alibuni mwaka 1974 msingi wa kipimaoksijeni cha kidoleni. Katika miaka ya 1980 vipima gesi vinavyosoma kila pumzi vilianza kuingia vyumba vya upasuaji, na mwaka 1986 Chama cha Wataalamu wa Usingizi cha Marekani kilipitisha viwango vya ufuatiliaji wa mgonjwa. Ni katika mazingira hayo ndipo kazi ya Jan Baum nchini Ujerumani ilipopata wasomaji. Ushauri wake hautegemei kujua mwili wa mgonjwa kwa hesabu: anza na mtiririko mkubwa hadi mzunguko ujae, punguza, kisha ufuate kile kipimo kinachosema. Mfuko wa Waters ulisomwa kwa mkono. Sasa kilichosomwa ni namba, lakini tendo ni lile lile la kumfuata mgonjwa aliyepo.

Hapa ndipo mtafiti anapotofautiana na wanaosema kuwa dawa mpya ndizo zilizofufua mtiririko mdogo. Desfluraini ilipoidhinishwa Marekani mwaka 1992, na sevofluraini mwaka 1995, zilikuta vipimo vimekwisha fika. Bila shaka ziliongeza kishawishi. Desfluraini hutumika kwa takriban asilimia 6. Kwa lita 6 kwa dakika inateketea karibu mililita 100 za dawa kwa saa, na kwa nusu lita ni karibu mililita 9, bila kuhesabu inayofyonzwa na mwili na ile ya kujazia mzunguko. Kwa kuwa huyeyuka kidogo katika damu na katika mafuta, ilinadiwa hasa kwa ajili ya mgonjwa mnene. Wagonjwa waliopewa desfluraini huamka mapema zaidi kuliko waliopewa sevofluraini, lakini tofauti iliyopatikana katika tafiti kwa jumla ni ya dakika chache.

Dakika hizo chache zina historia yao wenyewe sasa. Desfluraini hupasha angahewa joto zaidi ya mara 2,500 ya hewaukaa, uzito kwa uzito, katika kipindi cha miaka 100. Sevofluraini ni kama mara 130. Uskoti iliacha kuinunua katika huduma yake ya afya ya umma mwaka 2023, na kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2024 inaizuia kuanzia tarehe 1 Januari 2026, isipokuwa pale dawa nyingine haiwezi kutumika kwa sababu za kitabibu, ambazo hospitali hutakiwa kuzihifadhi kwa maandishi. Ni rahisi kutabiri ni mgonjwa gani atakayetajwa katika maandishi hayo. Iwapo hesabu ya mafuta iliyofanywa hapo juu ni sahihi, sababu ya kumtaja ni dhaifu kuliko inavyodhaniwa.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki historia hii ina pengo lake. Hapa nusukaputi ya hospitali nyingi za wilaya ilijengwa juu ya chombo cha EMO, kilichobuniwa Oxford na Epstein na Macintosh katika miaka ya 1950, ambacho mgonjwa huvuta hewa ya chumbani ikipita juu ya etha. Hakihitaji mitungi, wala umeme, wala chokaa ya soda, na pumzi haimrudii mgonjwa. Ulikuwa uchumi wa namna nyingine: wenzetu walibana gesi kwa kuizungusha, sisi tuliibana kwa kutoihitaji. Mashine za duara zilipoletwa, zilikuja pamoja na majedwali ya kilo 70, na si kila mara zilikuja na kipima gesi kinachofanya kazi au chokaa ya kubadilishia. Kwa mgonjwa wa kilo 150 katika chumba cha namna hiyo, mtaalamu anayefungua lita 5 au 6 hapaswi kusomwa kuwa amepitwa na wakati. Anafanya kile kilichofanywa Manchester mwaka 1956, na kwa sababu ile ile.